Papi wangu anakojoa kila akisalimiwa, juzi mama mkwe kateleza. Nifanyeje?

mpangaji_kinyerezi

Wakuu habari za jioni, poleni na foleni na hili joto.

Niende kwenye mada. Nina papi jike wa miezi mitatu na nusu anaitwa Suzi, nilipewa na jamaa wa ofisini ambaye mbwa wake alizaa huko Kibaha. Mama yake ni mchanganyiko wa German Shepherd na hawa wetu wa mtaani, baba yake Mungu ndo anamjua. Papi hana shida, anakula ugali na dagaa bila maringo, usiku akisikia kitu kwenye fensi anabweka, na haja zake za kawaida ameshazoea kwenda kule nyuma kwenye migomba, kwahiyo mtu akisema hajafundishwa sio kweli na ndo maana nachanganyikiwa.

Shida ipo kwenye kusalimiana. Narudi kazini saa moja na nusu hivi usiku, nikigonga geti tu anakuja mbio mkia unazunguka kama feni, akifika miguuni anajipinda kama kambale kwenye ndoo, alafu hapo hapo chwiiii. Juu ya kiatu. Yaani viatu vyangu vya kazini sasa hivi vina alama nyeupe ya chumvi kama nimetoka kuvua samaki. Sio mimi tu, wageni wote, watoto wakirudi shule, fundi wa king'amuzi, mpaka muuza mkaa.

Sasa Jumamosi mama mkwe kaja kutoka Tanga. Mke wangu kafungua mlango, watoto wanapiga kelele bibi bibi bibi, Suzi naye kajichomeka katikati ya hiyo shangwe kamwaga kojo kwenye tailizi, mama kaweka kandambili pale pale, akateleza, akadaka pazia, pazia likashuka na bomba lake. Hakuumia tunamshukuru Mungu ila mpaka anaondoka Jumatatu alikuwa anamwita Suzi "yule mgonjwa wenu".

Nimejaribu kumkaripia. Siku mbili nimemchapa na kandambili, sio kwa nguvu. Mwenzenu naona ndo imezidi, sikuhizi nikiinama kumshika kabla sijamgusa tayari keshalowanisha. Dada wa kazi kasema nichague, yeye au mbwa, maana anadeki mara sita kwa siku.

Naombeni kujua huu ni ugonjwa au jeuri? Nisiwe nampa maji jioni? Au nimfunge tu huko nyuma asikutane na watu? Nawasilisha.

ChumaUlete

Mkuu mbwa anafikaje sebuleni kwanza? Mbwa ni wa nje, jenga banda, funga mnyororo, mgeni akija aone geti na bango la mbwa mkali basi. Hizi tabia za kulea mbwa kama mtoto wa mwisho ndo zinafanya mama wakwe wanavunjika viuno.

bibi_wa_goba

ChumaUlete na bango la mbwa mkali alafu mbwa mwenyewe anamkojolea mwizi viatu, hahaha.

Pole baba Suzi. Nimecheka kwenye pazia lakini najua inavyokera, mimi nimefuga kwa miaka 11 sasa na hapa Goba ninao watatu, wa mwisho alikuwa hivyo hivyo. Kwanza weka chini hiyo kandambili. Suzi hafanyi jeuri, papi wa umri huo misuli inayobana kibofu bado haijakomaa, akipandwa na mzuka mkojo unatoka wenyewe na mara nyingi hata hajui kama umetoka. Wewe ulishawahi kumuona mtoto wa chekechea akicheka mpaka akajikojolea? Ungemchapa?

Ila nilivyosoma maelezo yako naona una vitu viwili na watu wengi wanavichanganya. Kuna kojo la mzuka, hilo papi anaruka, mkia juu, anazunguka huku anamwaga, anamwagia popote. Na kuna kojo la kunyenyekea, hapo anajishusha, masikio yanalala nyuma, anakwepesha macho, wengine wanajigeuza tumbo juu alafu ndo kinatoka kidogo. Hili la pili chukulia ndo shikamoo yake. Akiwa mchanga mama yake alikuwa anamlamba huko chini ndo anakojoa, kwahiyo kujilaza na kuachia mkojo mbele ya mkubwa ni lugha aliyozaliwa nayo, anakwambia mimi ni mdogo kwako, usinidhuru. Sasa mtu kakuamkia shikamoo unamjibu na kandambili, yeye atafikiria hajaamkia vizuri, kesho ataamkia zaidi. Ndo maana unaona ukiinama tu tayari. Alianza na mzuka, wewe ukamuongezea na uoga juu yake.

Nakuuliza kitu kimoja kabla sijaendelea, hapo nyumbani kuna mtu ambaye Suzi hajawahi kumkojolea?

mpangaji_kinyerezi

Duh bibi umenigusa. Umeniuliza nikasema hakuna, nikamuuliza mke wangu, akasema dada wa kazi. Na kweli! Anadeki mikojo ya watu wote ila yeye mwenyewe hajawahi kukojolewa hata siku moja. Na hampendi huyo mbwa kivile, anapita tu na ndoo zake, hata jina hamuiti.

bibi_wa_goba

Ndo jibu lako hilo. Hampi jicho, hamuiti jina kwa sauti ya juu, hamuinamii. Suzi akimuona dada moyo hauruki. Nyie wengine wote mnaingia na fujo, unakuta mtu kafungua geti "Suziiii Suzi mamaaa njoo hapa" alafu unategemea kibofu cha miezi mitatu kihimili.

Nikwambie nilivyofanya kwangu. Ukishuka kwenye daladala kabla hujapanda boda ya kwenda nyumbani piga simu, dada au mtoto ampeleke Suzi kwenye migomba akojoe. Kibofu kikiwa kitupu hata akipandwa mzuka atamwaga nini? Ukifika fungua geti, ingia, usimuangalie usoni, usimuite, mkono usimpe, pita kama unadaiwa kodi na yeye ndo baba mwenye nyumba. Atakuzunguka, atakurukia, endelea na mambo yako, vua viatu, kunywa maji, subiri. Siku ya kwanza kwangu ilichukua kama dakika kumi na tano nikawa nimekaa kibarazani naangalia ukuta kama mjinga na majirani wanachungulia. Siku ya tano ilikuwa kama dakika nne.

Akishatulia, miguu yote minne ipo chini na ule mkia umepunguza spidi, ndo unamsalimia na iwe nje kwenye mchanga, sio kwenye tailizi. Usimsimamie juu kama mnazi. Chuchumaa, tena kaa ubavu ubavu usimuelekee moja kwa moja, acha mkono uning'inie aje mwenyewe kunusa, alafu mkune kifuani au chini ya kidevu taratibu. Kichwani usimshike, mkono unaoshuka toka juu ndo unawatisha. Ukiona anaanza kujipinda tena simama nenda zako, bila kugomba.

Kitu kingine kilichonisaidia sana, nilikuwa naweka dagaa wachache kwenye kikopo juu ya nguzo ya geti. Nikiingia nawamwaga kwenye mchanga. Pua ikiwa chini inatafuta dagaa akili haipo kwenye viatu vyako. Wangu alifika mahali akisikia geti anakimbilia kwenye mchanga badala ya kuja kwangu.

Akikojoa bahati mbaya usiseme kitu. Usigombe na usimbembeleze pia "ooh pole mama" maana na yenyewe ni msisimko ule ule. Futa, endelea na maisha.

Watoto ndo kazi. Wakubwa unawaambia wanaelewa, wa darasa la kwanza anaahidi alafu akifika getini anasahau. Mimi niliwageuzia mchezo, ukiingia getini unakuwa sanamu mpaka mbwa akae, atakayetikisika kwanza ndo anaosha vyombo.

Wangu alikoma akiwa na miezi tisa, wengi kwenye mwaka mmoja inakuwa imeisha yenyewe.

Zuu_wa_Tabata

Bibi swali kidogo, sasa mbwa ukimnyamazia kila siku si ataona hapendwi? Mi wangu nikimpita bila salamu analia kabisa roho inaniuma.

bibi_wa_goba

Zuu humnyimi salamu, unaichelewesha. Anaipata na anaipata vizuri zaidi maana hakuna anayeruka kukwepa kojo.

dokta_ng'ombe

Nimeona niongeze kidogo, mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa ila mbwa naletewa pia.

Alichosema bibi ni sahihi na sitarudia. Mleta uzi kasema nyumba haichafuliwi wakati mwingine wowote, anaenda mwenyewe kwenye migomba, inatokea kwenye kusalimiana tu. Hiyo inanipa moyo kwamba sio ugonjwa. Lakini kwa kuwa ni jike angalia yafuatayo maana njia ya mkojo ya jike ni fupi na bakteria wanapanda kirahisi. Je anapolala pale alipolala panakuwa pamelowa? Je manyoya ya nyuma yanakuwa na majimaji muda wote? Je anajilamba sana sehemu hizo, anachuchumaa mara nyingi kinatoka kitone, anakakamaa, mkojo una damu au harufu kali kuliko kawaida? Je anakunywa maji kupita kiasi? Ukiona lolote hapo usihangaike na mambo ya salamu, mlete apimwe mkojo. Kuna majike wachache wanazaliwa mrija wa kutoka kwenye figo haujaingia kwenye kibofu ulivyotakiwa, umeenda kutokea mbele, hao wanavuja kutwa kucha hata wakiwa wamelala na hata ufundishe vipi hautapata kitu, ule ni upasuaji.

Kuchukua mkojo nyumbani sio ngumu, asubuhi akitoka mara ya kwanza mfuate na upawa safi, akichuchumaa unausogeza taratibu kwa nyuma, mimina kwenye kikopo safi chenye mfuniko ulete asubuhi hiyo hiyo. Ukichelewa weka kwenye friji, usiuache kwenye gari na jua hili.

Swali lako la maji, jibu ni hapana. Joto la Dar hili papi anatakiwa awe na maji safi muda wote, ukimnyima utaleta matatizo ya ukweli. Na tafadhali usimpe dawa za binadamu kwa kushauriwa na jirani, hizi za maumivu tunazomeza sisi zinaua mbwa, figo na ini vinakwenda.

Na kama miezi mitatu imepita na hajachanjwa kichaa cha mbwa mchanje wiki hii, maana huyo anarukia kila mtu anayeingia hapo.

mtoto_wa_magomeni

Mimi nimekuja kwa upande mwingine mtanisamehe kama natoka nje ya mada. Sisi ni Waislamu, nyumba yetu Magomeni tulikuwa na mbwa wa kulinda ua baada ya kuibiwa mara mbili, na mbwa wa kulinda hakuna ugomvi kwetu. Ila mkojo wake ni najisi, na kwa sisi wa madhehebu ya Shafi nguo ikipata majimaji ya mbwa inaoshwa mara saba na moja iwe na udongo. Sasa fikiria mzee anapita kwako kukujulia hali saa kumi na mbili na nusu jioni, kanzu nyeupe, yuko njiani kwenda Magharibi msikitini. Hilo kojo kwako ni la kufuta na tambala, kwake ni arudi nyumbani abadilishe na swala ya jamaa imempita, na hatakwambia, atanyamaza tu kesho hapiti tena.

Baba alichofanya aliweka kamba fupi karibu na banda, mgeni akibisha hodi mtu wa kwanza kutoka anashika mbwa, wa pili ndo anafungua geti. Mbwa anamuona mgeni kwa mbali, akitulia anapewa kitu, mgeni akishakaa ndani mbwa anafunguliwa. Sio kumfunga kutwa nzima kama anavyosema ChumaUlete, ni dakika mbili tatu tu. Na yule mbwa akazoea kwamba hodi maana yake ni kwenda bandani kula. Kwahiyo wote walikuwa na amani, mbwa na mashehe.

ChumaUlete

Sikusema kutwa nzima wewe.

mtoto_wa_magomeni

"Jenga banda funga mnyororo" ni nini sasa mkuu

deki_na_amani

Hamjamwambia kuhusu kudeki. Baba Suzi, dada anadekia nini? Kama ni jiki peke yake kwenye mkojo mbichi ndo ile harufu inakaba koo, jiki ikikutana na mkojo inatoa moshi mbaya, na watu wengine wanaongeza siki juu yake ili iue harufu, hiyo ndo mbaya kabisa msijaribu, mapafu. Na kwenye duka ukiona sabuni ya kusafishia yenye amonia achana nayo, kwa pua ya mbwa inanukia kama mkojo wa mwenzake, unamwita akojoe tena pale pale.

Fanya hivi, kausha kwanza na tambala kuukuu au gazeti, usisugue, kandamiza. Alafu maji na sabuni ya kawaida. Alafu siki nyeupe nusu maji nusu, iache kidogo, futa. Ile mistari ya saruji katikati ya tailizi ndo inanyonya, chukua mswaki uliochakaa. Kama una kapeti mlangoni kunja weka stoo mpaka akue, kapeti likishaingia mkojo wa mbwa na unyevu wa mwezi wa nne hulitoi.

mpangaji_kinyerezi

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea. Kandambili nimeiweka chini na nimemuomba Suzi msamaha kwa firigisi. Chanjo alikuwa hana, naenda Alhamisi. Pale anapolala nimepagusa asubuhi pakavu. Nitaleta mrejesho.

mpangaji_kinyerezi

(baada ya wiki tatu)

Mrejesho kama nilivyoahidi. Chanjo amepata, na dokta pale akapima na mkojo, hamna maambukizi.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mimi kupita bila kumsalimia niliweza, mke wangu hakuweza, anaingia anaangalia juu kama bibi alivyosema alafu Suzi analia kidogo mke naye "jamani masikini" na chwiii. Siku tatu hivyo. Kilichomnyoosha ni viatu vyake vipya vya harusi ya mdogo wake, kuanzia hapo akawa sanamu kuliko watoto.

Dagaa wa kwenye kikopo bibi ubarikiwe, siku ya pili wameliwa na paka wa jirani, nikahamishia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko. Sasa hivi nikigonga geti anakimbilia kwenye mchanga ananisubiri ananusa chini, mimi napita navua viatu kwa amani. Nikichuchumaa anakuja mwenyewe, polepole, anaweka kichwa kwenye goti. Sikuwahi kujua ana kidoti cheupe chini ya kidevu, maana zamani nilikuwa namuona mgongo tu akiwa anajipinda.

Sio kwamba imeisha. Juzi kijana wa gesi kaja na mtungi begani, kaingia kwa kishindo "Suzi weeee mambo", Suzi kalowanisha mpaka mtungi. Na wageni watatu kwa mpigo bado hawezi, hao tunafanya ile ya Magomeni ya kamba na banda. Ila mimi mwenyewe wiki hii yote mara moja tu, siku umeme ulikatika tukakutana naye ghafla gizani, hapo hata mimi nilikaribia.

Dada wa kazi hajaondoka. Nilimwambia kwamba yeye ndo mwalimu wetu, sisi wote tunamuiga yeye, akacheka akasema basi mshahara wa ualimu uko wapi. Nimeongeza kidogo. Na nimemkuta jana jioni nyuma kwenye migomba kachuchumaa ubavu ubavu anamkuna Suzi kifuani, aliponiona akainuka akashika ndoo yake kama hakuna kitu.

Mama mkwe anarudi mwisho wa mwezi. Mke wangu kamwelekeza kwenye simu asimwite Suzi na asimwangalie, mama kajibu "mie nilikuwa na mpango wa kumwangalia?" Bomba la pazia nimefunga jipya, la chuma, skrubu nne kila upande.